Nifundishe Kulenga, Baba Nuru

Wasichana wengi wa umri wangu tulikua tukijua kwamba gemu ni mambo ya kaka zetu. Wao walikwenda kwenye vibanda vya mtaani wakalipia dakika zao na kurudi na macho mekundu, sisi tukabaki nyumbani na muziki wetu na tamthilia zetu. Tukasoma, tukapata kazi, tukaolewa. Halafu siku moja unatoka kazini, unavua viatu mlangoni, unagundua kwamba yule kaka wa kibandani ndiye mumeo, na kibanda chenyewe kimehamia sebuleni kwako!

Kama unayajua haya, shosti, sogea karibu. Na wewe kaka unayesoma huku pedi iko mkononi (pedi ya gemu jamani, tusianze kucheka), usifunge ukurasa. Leo sikuja kukusema. Nimekuja kueleza jinsi mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mhariri, mama wa mtoto mmoja, alivyojifunza kupiga shabaha kwenye gemu ya mume wake, na kilichotokea kwenye kochi lile wakati anajifunza.

Gemu ninayoizungumzia ni Grand Theft Auto V, ambayo vijana wanaifupisha GTA. Ilitoka Septemba 2013, kazi ya watu wa Rockstar North walioko Edinburgh, Uskoti, na ndani ya siku 3 mauzo yake yalifika dola bilioni 1. Mpaka leo zimeshauzwa nakala zaidi ya milioni 200. Ndani yake kuna mji mzima unaoitwa Los Santos, uliochorwa kwa kuiga Los Angeles ya Marekani, una bahari, milima, jangwa na foleni. Mchezaji yuko huru kwenda anakotaka. Anaweza kucheza tenisi, kuendesha baiskeli mlimani au kuiba benki. Kwa bahati mbaya au nzuri, sehemu kubwa ya hadithi iko kwenye kuiba benki, kwa hiyo asiyejua kulenga hafiki mbali.

Baba Nuru alianza na ndugu yake mkubwa wa gemu hiyo, San Andreas ya mwaka 2004, enzi za PlayStation 2. Kwa hiyo vidole vyake vina uzoefu wa miaka. Mimi vidole vyangu vilikuwa na uzoefu wa kibodi ya ofisini na kukuna nazi.

Sasa kwa nini nikaingia? Mwanzoni mwa 2023 kampuni aliyokuwa akifanyia kazi mume wangu ilipunguza watu, naye akawamo. Tulikaa, tukapiga hesabu, tukakubaliana kwamba mshahara wangu utabeba kodi ya nyumba na ada ya Nuru mpaka mambo yakae sawa. Hesabu ile haikutuumiza kama ukimya uliofuata. Mwezi wa kwanza alikuwa anazungumza, wa pili anajibu akiulizwa, na ulipofika wa tano nilikuwa narudi nyumbani nasikia milio ya bunduki tangu getini, naingia nasalimia, naye anajibu macho yakiwa kwenye runinga.

"Za kazi, Mama Nuru?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Nzuri tu."

Basi, hapo ndipo mazungumzo yetu ya siku yalipoishia. Mimi nilisoma mawasiliano chuo kikuu. Nilifundishwa habari za mtuma ujumbe, mpokea ujumbe na kelele zinazoingia katikati. Hakuna mwalimu aliyenieleza cha kufanya pale mtuma ujumbe anapoamua kukaa kimya.

Mashosti walikuwa na dawa zao. Mmoja akasema ficha waya wa umeme. Mwingine akasema mpeleke kwa wazee. Wa tatu, ambaye hajaolewa na ndiye mwenye ushauri mwingi kuliko wote, akaniambia nivae nguo ya kulalia nipite mbele ya runinga. (Nilipita. Akaniambia, "Mama Nuru, samahani, sogea kidogo, naviziwa.")

Ijumaa moja, Nuru ameshalala, nikakaa pembeni yake kwenye kochi. Nikamwambia, "Baba Nuru, nifundishe na mimi kulenga." Alinitazama kama nimemwomba anifundishe kurusha ndege. Kisha akasimamisha gemu, na sijui mara ya mwisho aliisimamisha lini kwa ajili yangu, akanipa pedi.

Setingi kwanza

Nilidhani somo litaanza na bunduki. Lilianza na menyu. Baba Nuru alisema wengi wanaojilaumu kuwa hawana shabaha wanacheza na mipangilio ya mtu mwingine, au ile iliyokuja na gemu, ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya mkono wao.

Cha kwanza ni wepesi wa kijiti. Pedi ina vijiti viwili vya kuzungusha kwa dole gumba, cha kushoto kinatembeza mtu, cha kulia kinazungusha macho yake. Kama wepesi wa kijiti cha kulia uko juu, ukikigusa tu dunia nzima inazunguka na adui ameshakupita. Ukiwa chini mno, unageuka kama lori la mchanga kwenye kichochoro. GTA inakuruhusu kupanga wepesi wa kutazama na wepesi wa kulenga kila kimoja kivyake. Tulishusha wa kulenga mpaka nikaweza kufuata mtu anayetembea barabarani bila kumpita wala kumwacha. Hicho ndicho kipimo chake na ninakupa bure: chagua mpita njia, mfuate kwa macho tu mpaka kona, bila kufyatua. Ukiweza kumfuata kwa utulivu, hapo ndipo pako.

Cha pili ni namna ya kulenga, nazo ziko nne. Ya kwanza inakusaidia kikamilifu, yaani ukibonyeza L2 alama inamnata adui aliye upande unaotazama. Ya pili inakusaidia kwa kiasi, lazima uwe umeshaelekea karibu naye. Ya tatu unalenga mwenyewe ila inakupa msukumo kidogo. Ya nne uko peke yako na Mungu wako. Vijana wengine wana dharau na ile ya kwanza, wanasema ni ya watoto. Baba Nuru alinianzishia hiyo hiyo. "Jifunze kitu kimoja kwa wakati," alisema. "Leo jifunze kutulia. Kulenga bila msaada kutakuja."

Cha tatu wengi hawakijui: runinga yenyewe. Runinga nyingi za kisasa zinaipamba picha kabla ya kuionyesha, na kupamba kunachukua muda. Ni muda mdogo, lakini kidole kinabonyeza sasa na picha inajibu baadaye. Tafuta kwenye menyu ya runinga mpangilio wa gemu, uuwashe, mapambo yanapungua na jibu linakuja haraka. Na kama mnayo PlayStation 4 kama sisi, ujue gemu hii inaonyesha picha 30 kwa sekunde. Kwenye PlayStation 5 inaweza kufika 60, na kulenga kunakuwa laini zaidi. Sisi tunabaki na 30 zetu, hatujambo.

Na cha nne ni pedi yenyewe. Ya kwetu ya pili ilikuwa imechakaa, kijiti cha kulia kinavuta kushoto chenyewe bila kuguswa. Mtu anaweza kuhangaika mwezi mzima akidhani mkono wake mbovu kumbe ni kifaa. Iweke pedi mezani, usiishike, utazame. Picha ikitembea yenyewe, nenda kwa fundi au Kariakoo ukatafute nyingine.

Jicho lifike kabla ya kidole

Wiki ya kwanza nilikuwa najibu mapigo. Adui anatokea, nashtuka, nabonyeza L2, naanza kumtafuta, na kabla sijampata nimeshalala barabarani. Baba Nuru hakucheka sana. Alikwenda chumbani kwa Nuru, akarudi na kijinyota kimoja kutoka kwenye karatasi za stika za shule, akakibandika katikati kabisa ya runinga.

"Ile alama ya kulengea inatokea hapa kila mara," akasema. "Usiisubiri itokee. Peleka nyota kwenye mlango kabla mtu hajatoka mlangoni."

Ninakuhakikishia, nyota ile ilinifundisha kuliko maelezo yote. Unapotembea, weka katikati ya skrini pale ambapo mtu anaweza kutokea: kona ya ukuta, mlango wa gari, ngazi. Na uiweke kwenye urefu wa kifua au kichwa, usitembee unatazama lami. Ukibonyeza L2, kazi ya kulenga inakuwa imeshafanyika nusu, na kilichobaki ni kusahihisha kidogo.

Na hata hapo pa kusahihisha pana ujanja. Kijiti cha kulia ni kizito kwa marekebisho madogo, kinapenda kupitiliza. Badala ya kukihangaisha, sogeza mwili kwa kijiti cha kushoto, hatua moja pembeni, na alama inahamia kwa adui yenyewe. Mkono wa kulia unatafuta, wa kushoto unamalizia. Nilipolielewa hilo nikaacha kuing'ang'ania pedi kama usukani wa daladala.

Wale wanaotumia msaada kamili wana ujanja wao pia. Alama ikimnata adui inamnata kifuani. Ukisukuma kijiti cha kulia juu kidogo tu, inapanda kichwani, na risasi moja ya kichwa inamaliza kazi ya risasi nyingi za kifua. Ukikisukuma pembeni, inahamia kwa adui wa jirani. Ni mguso mdogo, kama unavyogusa skrini ya simu. Ukitumia nguvu unapoteza vyote viwili.

Asubuhi Nuru akauliza nani amebandika nyota kwenye TV. Baba yake akamjibu ni ya mama, anajifunza. Nuru akaona ni sawa kabisa, maana yeye pia akifanya vizuri shuleni anabandikiwa nyota.

Ukuta, na risasi tatu

Somo la wiki ya pili lilikuwa kujificha. Ukiwa karibu na ukuta au gari, bonyeza R1 na mtu wako anajibana hapo. Ukishika L2 anachungulia na kulenga, ukiachia anarudi. Wageni wa gemu, nami nikiwamo, tunapenda kusimama katikati ya barabara kama sanamu tukidhani shabaha ni ushujaa. Mtu aliye nyuma ya ukuta ana muda, na mwenye muda analenga vizuri, basi. Mkijeruhiwa, tulieni hapo hapo: kwenye hadithi ya GTA V mstari wa uhai unarudi wenyewe hadi nusu mkikaa bila kupigwa.

Halafu kuna tabia ya kushikilia R2 bila kuachia. Bunduki ndefu ukiiachia ifululize, mdomo wake unapanda na risasi zinatawanyika, ya kwanza inampata adui, ya kumi inaipata bango la tangazo. Fyatua tatu, achia, fyatua tatu. Baba Nuru alikuwa ananihesabia, "moja, mbili, tatu, pumua." Adui akiwa mbali, fyatua moja moja. Na chagua chombo kulingana na umbali. Bunduki ya marisau ni ya ndani ya chumba, ukiitumia ng'ambo ya barabara utawatisha njiwa tu. Kubadilisha silaha kunafanyika kwa kushikilia L1, na kwenye hadithi muda unapungua mwendo unapochagua, kwa hiyo usibabaike.

Wahusika wenyewe ni watatu na kila mmoja ana kipaji chake. Franklin ni dereva. Trevor ni rubani, na ni kichaa. Michael ndiye mtu wa shabaha. Ukibonyeza vijiti vyote viwili kwa pamoja ukiwa na Michael, kila kitu kinakwenda polepole isipokuwa macho yako, mpaka ule mstari wa njano uishe. Kwa anayejifunza, Michael ni mwalimu mzuri. Unaona risasi ikienda, unaona ulikosea sentimita ngapi, unasahihisha. Baada ya siku kadhaa nilikataa kukitumia kipaji chake, nikataka kuona kama naweza kwa mwendo wa kawaida. Nilianza kuweza.

Kuna pia maduka mawili ya silaha ya Ammu-Nation yenye chumba cha mazoezi, na ninawashauri msikidharau. Karatasi za shabaha hazikurudishii risasi, muda unahesabiwa, ukipiga katikati unapata pointi zaidi, na kuna medali za shaba, fedha na dhahabu. Zaidi ya hapo, uwezo wa mhusika mwenyewe unapanda kadiri anavyopiga shabaha, kwa hiyo mazoezi hayapotei. Nilikuwa naingia dakika ishirini kila jioni baada ya kuosha vyombo. Dakika ishirini tu! Baba Nuru alisema mkono ukichoka unajifunza tabia mbaya, bora uache ukiwa bado una hamu.

Tulikuwa na mchezo wetu: risasi kumi, ngapi zimepata? Siku ya kwanza nilipata mbili. Baada ya wiki tatu nilipata saba, na mume wangu akapiga kofi moja, akaniita "kamanda".

Alichosema nyuma ya ukuta

Sasa niwaambie jambo ambalo sikulitarajia, nalo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Ilikuwa wiki ya nne. Tulikuwa tunapokezana pedi, anayekufa anampa mwenzake. Mimi nilikuwa nimejibana nyuma ya gari, polisi wa Los Santos wako pande zote, nasubiri uhai urudi hadi nusu. Hakuna cha kufanya kwa wakati huo zaidi ya kusubiri. Na katika kusubiri kule, bila kunigeukia, Baba Nuru akasema:

"Ijumaa nimeitwa kwenye usaili."

Mikono ilitaka kutupa pedi. Midomo ilitaka kuuliza wapi, saa ngapi, mshahara gani, umeshapiga pasi shati? Sikuuliza hata moja. Nikasema tu, "Mm," macho yangu kwenye runinga.

"Ni wa nne huu," akasema. "Ile mitatu sikukwambia. Nikikwambia naenda, lazima nirudi nikwambie nimekosa. Nikaona bora nikose peke yangu."

Polisi mmoja alitokea upande wa kulia. Nilimwona kwa sababu nyota ilikuwa pale pale. Moja, mbili, tatu. Akaanguka.

"Safi," akasema mume wangu, na sauti yake ilikuwa na kitu kooni.

Nikamwambia, "Ijumaa ukirudi, vyovyote itakavyokuwa, uniambie. Sitakuuliza mpaka useme mwenyewe."

Akasema sawa. Tukacheza mpaka saa tano usiku.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Miezi mitano nilijaribu kuzungumza naye tukiwa tumekaa uso kwa uso, mezani, kitandani, taa inawaka, mimi namtazama machoni kama vitabu vya mawasiliano vinavyoshauri. Kwa mtu aliyeumia, kutazamwa hivyo kunafanana na usaili mwingine. Kwenye kochi lile hatukutazamana. Tulitazama kitu kimoja, bega kwa bega, mikono ina shughuli, na palikuwa na ukimya ambao si wa mtu yeyote. Maneno yakapata pa kupitia. Nadhani wavuvi wanalijua hili, na mafundi, na akina mama wanaochambua mchele pamoja.

Ya Ijumaa ile hakuipata. Alirudi saa tisa alasiri, mimi niko nyumbani siku hiyo, akasimama mlangoni na tai mkononi akasema mwenyewe, "Nimekosa." Nikamkaribisha, nikamwekea maji ya kunywa, tukakaa. Kazi aliipata Februari 2024, ya mkataba, mshahara mdogo kuliko wa mwanzo. Ila habari za usaili wa tano, wa sita na wa saba nilizipata kabla hajaondoka nyumbani.

Na hizo damu je?

Najua swali linakuja, maana hata mama mkwe aliuliza. Gemu hii ni ya watu wazima. Barani Ulaya ina alama ya miaka 18, Marekani 17. Ina matusi, ina damu, ina mambo ambayo siyapendi na kuna sehemu za hadithi nilimwambia Baba Nuru azicheze mwenyewe mimi nikaweke chai. Kwetu sheria ni moja, pedi haiguswi mpaka Nuru awe amelala na mlango wake umefungwa. Sitaki mtoto wa miaka sita aone mama yake akishangilia mtu kuanguka, hata kama mtu mwenyewe ni katuni ya polisi.

Na kwa wale ambao damu hawaitaki kabisa, chumba cha mazoezi kina karatasi tu. Tena unaweza kujifunza kulenga mwezi mzima bila kumdhuru hata njiwa.

Kama unataka kujaribu nyumbani

Haya, nikupe muhtasari uubandike kwenye friji:

1. Omba kufundishwa, usiombe kushindana. Mtu anayekufundisha anazungumza. Anayekushindania anakaa kimya.

2. Mwalimu asinyang'anye pedi. Kaka zangu, hapa nawatazama ninyi! Mwenzio akikosa, mwache akose. Ukimnyang'anya mara tatu, siku ya nne hakai kwenye kochi.

3. Pangeni setingi zake kando na zako. Wepesi wa kijiti chako si wepesi wa kijiti chake. Mkipokezana, kila mtu abadilishe, inachukua nusu dakika.

4. Anzeni na msaada kamili wa kulenga, halafu mpunguze msaada hatua kwa hatua kadiri mkono unavyotulia.

5. Dakika ishirini kwa siku zinatosha. Mazoezi mafupi ya kila siku yanajenga mkono kuliko usiku mzima wa Jumamosi.

6. Mwenzio akianza kusema jambo zito katikati ya mchezo, usisimamishe gemu, usimgeukie kwa mshangao. Endelea kutazama mbele, na sikiliza.

Siku hizi nimefika mahali ambapo nimeondoa msaada wa kulenga kabisa. Nakosa sana, lakini ninachokipata ni changu. Nyota bado iko kwenye runinga, imeanza kubanduka upande mmoja, na wageni wakija wanadhani ni uharibifu wa mtoto. Hatuwaambii. Wiki iliyopita Baba Nuru alipata medali ya fedha kwenye bunduki ya marisau na mimi nikapata ya dhahabu, na tangu siku hiyo vyombo vya chakula cha jioni anaosha yeye.

Tukutane mwezi ujao. Na kama mwenzio yuko kwenye gemu sasa hivi, weka gazeti chini, kaa pembeni yake, mwulize kitufe cha kulenga ni kipi.